Mpaka Weupe Utuame

Tenkasi,
Jumatatu, siku tisa kabla ya Deepavali.

Kwa shemeji yangu Gomathi,

Pokea salamu zangu, na umgawie Velan na mkewe sehemu yao. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, wala hujasimama jikoni, ingawa nakujua. Mimi ni mzima. Jicho nililofanyiwa upasuaji limepona, na sasa nasoma gazeti bila kulisogeza dirishani. Mvua za msimu zimeanza kwa wakati wake, na paa la nyuma halivuji tena tangu vigae viwili vilipobadilishwa. Ninakula. Kila mtu huniuliza kama ninakula, kwa hiyo natangulia kukujibu.

Aliyekuletea barua hii ni Esakki, dereva wa bajaji wa kwenye kona yetu. Bila shaka unamkumbuka. Ndiye aliyekupokea kituo cha basi siku ya msiba. Hajui kilichoandikwa humu. Nimemwomba akungoje mlangoni mpaka umalize kusoma, na wewe nakuomba usimkaribishe kahawa kwanza. Soma hadi mwisho.

Barua yako ilifika Alhamisi pamoja na kikapu cha sukari guru ya mvumo. Uliandika kwamba kila mwaka kabla ya Deepavali humpelekea dada yako kikapu hicho, na kwamba mkono wako umezoea, hukujua umpelekee nani mwingine. Nilikipokea. Nimekiweka mahali pale pale alipokuwa akikiweka, juu ya pipa la mchele, ili sisimizi wasikifikie.

Uliandika mambo mengine mawili. Kwanza uliuliza kama imebaki chupa yoyote ya legiyam aliyoipika dada yako. Ulisema kwamba mwaka huu wa msiba hatuwashi taa wala hatukaangi vitamu, lakini alfajiri ya Deepavali bila kile kijiko cha tangawizi iliyopikwa ikawa nzito na nyeusi huiwezi. Jambo la pili uliliandika pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeongeza salamu aliyoisahau. Ulisema kwamba tangu mwezi uliopita, ukipanda ngazi kwenda kuanika nguo juu ya paa, kifua kinakubana, mkono wa kushoto unakuwa mzito, na jasho linakutoka. Ukikaa kidogo, hali hiyo inapita. Ulisema ni gesi, na kwamba kijiko cha legiyam ya dada kingeimaliza.

Pembe hiyo ya ukurasa nimeisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe.

Nilimpigia simu Velan. Aliniambia, “Baba mkubwa, mama ana gesi tu. Nilimwambia twende kwa daktari, akaniuliza kama nimeshachoka kuwa na mama.” Alicheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu. Kisha nikakupigia wewe, mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza habari za mvua. Mara ya pili tulizungumza habari za vitunguu vinavyooza kabla ya kufika sokoni. Nilipokata simu niligundua kwamba sikuwa nimeuliza chochote. Ningekuja mwenyewe, lakini najua kwamba nikiketi sebuleni kwako nitazungumza habari za mvua tena. Kwenye karatasi siwezi kukatizwa, hata na mimi mwenyewe.

Kuhusu chupa, haipo. Ya mwisho ilikwisha katika siku zile kumi na sita za msiba, kwa sababu wageni walikula bila mpangilio na kila jioni mmoja alikuja kunong'ona kwamba tumbo lake limejaa. Niligawa kwa kijiko mpaka nikasikia kijiko kinagusa kioo. Hukuambiwa kwa sababu sikujua kwamba ungeitaka.

Hata hivyo, kuna chupa nyingine, na imepikwa kwa sukari guru yako. Niliipika mimi.

Nilisaidiwa na Bi Pechiammal, jirani yetu tunayeshiriki naye ukuta, ambaye tangu nimjue sijamsikia akinyamaza kwa muda wa kutosha kumeza mate. Alikuja Ijumaa asubuhi, akakiona kikapu, akaniuliza kama nimeamua kufungua duka. Nilipomweleza nia yangu, aliketi kwanza. Alisema kwamba kwa miaka arobaini amenisikia kupitia ukutani nikisema chumvi imezidi, chumvi imepungua, na kwamba sasa Mungu amemjalia kuishi mpaka aione zamu yangu. Nilimuuliza kama ni halali kupika kitu cha Deepavali katika nyumba yenye msiba. Akanijibu, “Dawa haina msiba, Mwalimu. Tumbo lako limeambiwa kuna msiba?”

Tulianza. Aliniagiza nikaange giligilani, jira na pilipili manga mpaka vinukie, kisha nivisage, nikavisaga. Aliniagiza niyeyushe sukari guru na kuichuja, maana haikosi mchanga, nikaichuja. Alipoona nalikodolea macho sufuria bila kukoroga, alisema, “Koroga, usiitazame. Hiyo si mwanafunzi wako, haitakuogopa.” Ilipoanza kushika chini, alisema nishike mwiko kama mtu aliyekula. Kwa miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa watu, akasema, na sijui samli inaingia lini. Ni kweli, nilikuwa sijui. Robo iliungua. Iliyobaki ilijikusanya na kuachana na sufuria, samli ikang'aa pembeni, na yeye akachota kidogo akaonja kutoka kiganjani. Kwa mara ya kwanza alikaa kimya.

Kisha alisema kwamba ni ya dada yako Ulagammal. Halafu akajirekebisha: inakaribia kuwa ya Ulagammal. Ya kwake ilikuwa inachoma baadaye, baada ya mtu kuimeza na kuisahau. Yangu inachoma mara moja, kama mimi mwenyewe.

Usinielewe vibaya, Gomathi, katika haya yatakayofuata. Sina ugomvi na tangawizi. Ulipokuwa na mimba ya Velan na tukapanda basi lile la milimani kwenda harusini, dada yako alikupa kipande kilichomenywa na kupakwa chumvi, ukakishika chini ya ulimi kwenye kona zote zile, ukashuka bila kutapika, wakati mimi nilitapika. Nilikwenda darasani kila msimu wa manyunyu nikiwa na sauti kamili, kwa sababu kila alfajiri aliniwekea mezani bilauri ya tangawizi kavu iliyochemshwa na giligilani, pilipili manga na sukari guru yako. Kichwa kilipomuuma yeye, alisugua tangawizi kavu kwenye jiwe kwa maji kidogo, akajipaka kipajini, akaendelea na kazi. Baada ya karamu yoyote nzito sijapata kuona kinachotuliza tumbo kuliko maji yake mabichi yenye asali. Haya yote ni kweli, na sitayakana kwa sababu ya huzuni.

Lakini dada yako alijua pia mahali inapokoma. Mwaka juzi Kathirvel, muuza mboga, alikuja na homa ya siku ya tatu, akaomba kikombe cha tangawizi kavu. Ulagammal alimgusa shingo, akamnyima. Alimwambia, “Hii ni tangawizi, kaka yangu, si daktari. Toka hapa, nenda hospitali, mboga zako nitazifunika mimi.” Alizifunika kwa gunia lenye maji mpaka jioni. Kathirvel alilazwa wiki nzima. Alipopona, alimletea dada yako tango kubwa kuliko mkono wangu, na hakuna siku aliyopita bila kumwamkia.

Kuna jambo moja la jikoni ambalo unalijua vizuri kuliko mimi, kwa kuwa mlilelewa nalo wewe na dada yako. Maji ya tangawizi mbichi hayanywewi yakikamuliwa tu. Ganda linaparuzwa lote, tangawizi inapondwa na kukamuliwa kwa kitambaa, kisha maji yanaachwa mpaka ule weupe unaofanana na chokaa utuame chini. Yaliyo safi yanamiminwa taratibu kwenye bilauri nyingine, na weupe unamwagwa, kwa maana wazee wetu waliuhesabu kuwa sumu. Dada yako alinifundisha hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilipenda jambo hilo. Lilikuwa na utaratibu. Baada ya miaka michache nikawa mkali juu yake kuliko mwalimu wangu. Alipokuwa na haraka, akaniletea maji yenye ukungu, nilimrudishia bilauri bila kusema neno, naye aliichukua bila kusema neno.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika.

Siku ya kumi na sita ulisema mbele ya watu, nami nilikuwa nimekaa karibu na nguzo, kwamba dada yako aliondoka ghafla, bila kuteseka, akinyweshwa na mikono ya mume wake. Wanawake waliitikia. Mmoja alisema kwamba hata malkia hawafi hivyo. Tangu siku hiyo nimeyasikia maneno hayo sokoni, hekaluni, na kwa kinyozi. Watu wananisifu. Ninaambiwa kwamba wanaume wa siku hizi hawajui hata tangawizi inakaa wapi jikoni, na mimi niliiponda kwa mkono wangu. Sikukusahihisha, Gomathi. Mimi ambaye nimemsahihisha kila mtu, nilikuacha.

Hakuondoka ghafla.

Ilikuwa Jumanne katika mwezi wa Aadi, kama miezi mitatu iliyopita, asubuhi yenye manyunyu na baridi. Siku iliyotangulia tulikuwa harusini Sengottai na tulikula vizuri. Saa mbili na nusu alikuwa ameketi sakafuni akichambua majani ya mlonge. Aliweka trei chini, akasema kwamba kifua kimembana kama mtu amekikalia. Nilimwambia ni chakula cha jana. Alisema mkono nao unauma. Nilimwambia ni kwa sababu alibeba ndoo ya maji badala ya kuniita. Alijifuta jasho kwa ncha ya sari, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Hilo nililiona, nikaliacha.

Kisha alisema, “Muite Esakki.”

Bajaji ilikuwa kwenye kona. Kutoka dirishani niliuona mguu wa Esakki ukining'inia nje, kwa kuwa alikuwa amelala ndani akisoma gazeti. Nilimwambia dada yako anywe tangawizi kwanza, na isipotulia tutakwenda. Hakubishana. Katika miaka arobaini na mmoja hakuwa na desturi hiyo, na ni mimi niliyemzoeza.

Nilifanya kila kitu ipasavyo. Nilichagua tangawizi changa. Niliparuza ganda lote, hata katikati ya vidole vya tangawizi yenyewe. Niliponda, nikakamua, nikatumia bilauri ya kioo ili nione weupe ukishuka, nikaiweka dirishani penye mwanga. Aliuliza kutoka chumbani, “Bado?” Nikamwambia yanatuama. Baada ya muda akasema, “Nipe hivyo hivyo.” Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyenifundisha.

“Hata leo, Mwalimu?” aliniuliza.

Niliendelea kuitazama bilauri.

Yalipotuama, nilimimina yaliyo safi, nikatia asali, nikampelekea. Alikunywa mafunda mawili. Alipiga mbweu, nami nikafurahi, nikamwambia, “Umeona?” Alisema, “Nimeona.” Kisha akaegemea ukuta, mguu wake ukasukuma trei, majani ya mlonge yakamwagika sakafuni. Niliyaokota majani kabla ya kumtazama uso.

Esakki alikuja nilipomwita. Alitumia dakika nane kufika hospitali, ingawa barabara ilijaa watu waliokuwa wakienda kuoga kwenye maporomoko. Daktari aliniuliza maumivu yalianza lini. Nilimwambia, sasa hivi. Aliandika nilivyosema. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia huko kwenu Thoothukudi, na ndiyo uliyowaambia watu.

Ijumaa iliyopita, Bi Pechiammal alipokwenda kwake kuchukua samli, niliweka maji ya tangawizi dirishani na saa yangu kando yake. Weupe ulituama kwa dakika ishirini na tano. Sikuwa nimewahi kuupima muda huo.

Sijui kama wangemwokoa. Daktari hakusema, na mimi sikuuliza, kwa hiyo hilo sitalijua. Ninachokijua ni kwamba aliomba mara moja kwa maneno, mara moja kwa swali, na mara moja kwa jasho, na kwamba mtu aliyemnyima Kathirvel kikombe ili aende hospitali hakuwa mtu wa kumwita Esakki kwa ajili ya gesi. Alijua. Mimi ndiye niliyekuwa na hakika.

Sijalia mpaka leo. Watu wanadhani ni ujasiri. Asubuhi naamka, nachemsha tangawizi kavu, nainywa, naosha bilauri. Ladha siisikii sana.

Naona pia kwamba nimetumia kurasa nne kufika hapa, na kwamba barua yako nilikuwa nayo tangu Alhamisi. Siku nne nimekuwa nikichagua maneno, nikikata, nikiandika upya, nikingoja yawe safi. Kosa ni lile lile na aliyelifanya ni yule yule. Unaweza kunisamehe la Aadi au usinisamehe, hilo ni lako na sitaliomba kwa barua. Lakini hili la siku nne naomba usilisubiri lifike siku ya tano.

Vaa ndala. Esakki nimemwelekeza hospitali ya moyo iliyo karibu na kituo kikubwa cha basi. Atakodi bajaji ya mtaa wenu na kukaa nawe mpaka Velan afike. Ngazi usipande, hata kwenda kuanua nguo. Mkwe wako atazianua, na zikilowa, zilowe. Mwambie daktari yale yale uliyoyaandika pembeni mwa ukurasa, kwa mpangilio ule ule: ngazi, kifua, mkono, jasho. Akikuuliza yalianza lini, sema mwezi uliopita. Usiseme sasa hivi. Na ikiwa kuna mtu jikoni kwako anayeparuza tangawizi wakati huu, mwambie aiache pale ilipo.

Chupa yako iko rafuni. Sikumpa Esakki, kwa hiyo usimpekue. Siku utakaponiletea karatasi ya daktari nitaifungua mbele yako. Ikiwa ni gesi, nitakuomba radhi kwa kukutisha, na Velan atakuwa na haki ya kunicheka mwaka mzima. Ikiwa si gesi, daktari ndiye atakayesema kama unaruhusiwa kijiko. Na ikiwa baada ya kuisoma barua hii hutaki kukaa nami chumba kimoja, mtume Esakki na hiyo karatasi, nami nitampa chupa, nitaelewa. Lakini karatasi itangulie.

Bi Pechiammal anakusalimu. Anasema ukija uje na sukari guru nyingine, kwa sababu mimi sikuipika ile, niliiadhibu. Kathirvel naye anakuamkia. Mwambie Velan kwamba sikumkasirikia aliponicheka kwenye simu. Katika umri wake ningecheka hivyo hivyo, na katika umri wangu nilifanya vibaya zaidi ya kucheka. Mke wake mpe pole kwa kazi za nyumba zitakazomwangukia leo. Wewe nakutakia njia nyepesi na daktari mwenye subira.

Esakki amesimama upande wa kulia wa mlango. Ndala zako ziko upande huo huo. Kahawa atakunywa huko huko hospitalini.

Ni mimi, mume wa dada yako,

Sankaralingam